Manjano ya Bi Mwanatumu

"Kuuza mizizi hii sasa ni marufuku," bwana wa kampuni ya dawa alimwambia Bi Mwanatumu sokoni, akilisukuma kwa kiatu fungu la mizizi ya manjano lililokuwa mbele ya mwanamke huyo. "Dawa ya tumbo ni hii. Wataalamu wetu wameigundua, na haki ya kuiuza ni yetu." Akainua chupa.

Bi Mwanatumu, msukaji wa mikeka aliyeuza pia mizizi hiyo, alimpokonya chupa. Akachovya ukindu mweupe ndani, akangoja, kama mama yake alivyokuwa akiipima mizizi kabla ya kuitumia kutia rangi mikeka. Ukindu ukatoka wa manjano, manjano ileile iliyoganda mikononi mwake kwa miaka ya kutia rangi.

"Wameigundua?" alifoka. "Mama yangu alitibu matumbo kwa mizizi hii hadi akazikwa na mikono ya manjano! Wao walikuwa wapi?"

Yule bwana akainyakua chupa, dawa ikammwagikia. Akajifuta kwenye shati lake jeupe, akajifuta tena, manjano ikazidi kuenea.