Sinema ya Vyumba Sitini

"Arobaini," alisema mzee Nkuba, akasukuma fungu la punje za mahindi kuelekea kwa mwalimu Asukile. "Hapo nimefika mwisho, mwalimu."

Punje moja ilikuwa ng'ombe mmoja. Asukile alizitazama kwa macho mazito. Hii ilikuwa alasiri ya tisa anakaa kwenye kigoda hiki, na sinema yenyewe haikuwa na ng'ombe hata mmoja.

Gari la sinema lilikuwa limepita Igawa mwezi wa sita. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu: kijana wa mjini anamtaka binti, anatumbukia bwawani na suti yake, anakosea dirisha anamwimbia mama mkwe, mwishowe kanisani. Asukile akaigeuza kuwa mchezo. Alichora vyumba sitini kwenye kadibodi, akachonga dadu la mti. Ukitumbukia bwawani unarudi vyumba sita. Ukikosea dirisha unakosa zamu. Wa kwanza kufika kanisani ameoa.

Hakufanya hivyo kwa kujifurahisha. Ofisi moja ya Iringa ilitafuta mwalimu wa kutengeneza michezo ya shule, na barua yao ilisema mchezo uletwe Jumamosi, ukiwa umejaribiwa na kukubaliwa na wananchi wasiopungua watatu. Miaka mitano Asukile alikuwa amemeza vumbi la malori ya Zambia. Alichoka na mbu, alichoka na joto, alichoka hata na sauti yake mwenyewe darasani. Akikosa nafasi hii, angezeekea Igawa.

Mdogo wake Damari, aliyekuwa akiishi naye, ndiye aliyempa wazo la kwenda kwa Nkuba. Damari alifundisha kisomo cha watu wazima kwa wafugaji wa ng'ambo ya mto, akawajua vizuri. "Mzee anapenda sana bao, kaka," alimwambia. "Akikubali yeye na ndugu zake wawili, umepata watatu wako." Asukile alishukuru. Mara mbili mwaka ule Damari alimweleza kuwa kuna watu wanaomba kuja kuzungumza naye, na mara zote mbili alimjibu kwamba kichwa chake kimejaa, wasubiri kwanza amalize mchezo.

Siku ya kwanza Nkuba alirusha dadu akafika kanisani kabla chai haijapoa. Hakufurahi.

"Nimeoa kwa nani?" aliuliza. "Sijaongea na mtu. Hii ni wizi."

Ikabidi kiongezwe chumba cha mshenga. Kesho yake kikaongezwa cha mjomba. Siku ya nne wakaingia ng'ombe, na kwa kuwa lazima mtu awapokee, Nkuba alimketisha Asukile upande wa binti, yeye akashika upande wa kijana. Ndugu zake wawili walikaa pembeni, kimya, hawakugusa kete. Kufikia siku ya saba hata dadu lilikuwa limesahauliwa chini ya kigoda.

Maswali yake yalimchosha Asukile kuliko darasa la watoto themanini.

"Huyu binti wako amesoma?"

"Amesoma, mzee." Kukubali kulikuwa kufupi kuliko kueleza.

"Ugali ya mtama anaweza?"

"Atajifunza."

"Na dini?"

"Mkristo. Si unaliona kanisa lake hapa, chumba cha sitini?"

Nkuba aliwageukia ndugu zake, nao wakaitikia kwa vichwa taratibu. Asukile alipiga mwayo. Alianza na ng'ombe sitini ili kuupa mchezo uhai, akashuka hadi hamsini, na leo wamefika hapa.

"Sawa, mzee," alisema. "Arobaini."

"Na binti mwenyewe anakubali?"

Hakukuwa na chumba cha swali hilo. Asukile alifikiria kuchora kingine, akasikia mgongo ukimuuma. "Anakubali."

Nkuba alishusha pumzi ndefu. Kibuyu cha maziwa ya mgando kilizungushwa, wote wanne wakanywa, na Asukile, aliyekuwa na kiu tangu mchana, akamaliza yaliyobaki. Kisha wazee watatu wakachovya vidole gumba kwenye wino na kuvibandika kwenye karatasi yake bila kuuliza imeandikwa nini. Alirudi nyumbani akiwa na furaha ndogo, ile ya mtu aliyechoka mno kufurahi.

Jumamosi asubuhi alikuwa amesimama mlangoni, kadibodi kwapani, akisubiri basi la Iringa, alipoliona vumbi likija kutoka mtoni. Mnada, alijisemea. Lakini ng'ombe hawakushika njia ya mnadani. Waliingia uani kwake mmoja mmoja, wakakanyaga bustani ya mchicha, na nyuma yao alikuja mzee Nkuba, ndugu zake wawili, na mwanawe Nyanda akiwa amevaa shati jipya.

"Wahesabu, mwalimu," alisema Nkuba. "Arobaini kamili."

"Mzee," Asukile alisema polepole, "ule ulikuwa mchezo."

"Najua. Na umecheza kwa heshima sana. Siku tisa, hata mara moja hukutaja jina ya dada yako."

Asukile aligeuka. Damari alikuwa ameshatoka chumbani, amejifunga kitenge cha kanisani, sanduku lake liko miguuni.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Niliwaambia kwetu posa haijibiwi kwa mdomo. Wewe ukileta ubao na dadu, wajue umekubali kuzungumza."