Ngoma Isiyo na Ngozi

"Kitendawili, Sitoyeni!" Safi alimwambia mgeni wake njiani, akimwita 'raia' kwa Kifaransa cha serikali.

"Tega."

"Ngoma yangu haina ngozi."

Sitoyeni Onema, shingo imebanwa na kola ya koti lake la abakosti, akashindwa. Alikuwa ametumwa kutoka Kindu kuukagua msitu wa kijiji cha Safi. Akiwaona sokomutu, yaani sokwe, msitu utalindwa, na wageni wataendelea kuja kulala kijijini na kula kwenye vyungu vya akina mama. Asipowaona, wakata mbao watapewa miti yote.

"Jibu njo ile mizizi ya muti, mipana kama mlango," Safi akasema. "Sokomutu anaipiga kwa mikono na miguu. Utasikia."

Hakusema kwamba sokomutu wa mwisho aliliwa zamani na wawindaji wa mbali. Wala hakusema kwamba tangu hapo mpigaji ni Okito, mume wake, anayejificha bondeni kila wageni wanapokuja. Uongo mdogo, msitu mkubwa. Kijiji kizima kiliumeza.

Leo bonde lilikuwa kimya. Safi akakohoa, ndiyo ishara yao. Kimya. Asubuhi alimwacha Okito amejikunyata motoni. "Tangulia, mama Zawadi," mume huyo alimwambia, "nitapita njia ya mkato."

Akakohoa tena.

Ndu! Ndu-ndu! Bonde likatetemeka, na ukelele ukapanda juu hata ndege wakatawanyika. Safi akashusha pumzi. Mwanaume huyu! Leo amekula nini?

"Wako hapa karibu!" Onema akaanza kuteremka. "Twende niwaone."

"Hapana, baba! Wakiwa na watoto wanararua mutu."

"Mama, sikutumwa kusikia. Nimetumwa kuona. Hata mulevi anaweza kupiga muti."

Safi akamkimbilia mbele. Akajitupa chini, akalala kukingama njia. "Basi uniruke, mwanangu. Umuruke mama yako."

Onema akainua mguu, akaurudisha. Mtoto aliyelelewa hamruki mama aliyelala. Laana yake haina dawa. Akasonya, akageuka.

"Sawa. Nitasema nilichokiona: hakuna kitu."

Gari lake lilipoondoka, Safi alirudi nyumbani analia. Msitu umekwenda. Lakini angalau aibu ya mume wake ameifunika.

Okito alikuwa palepale motoni, blanketi hadi masikioni, meno yakigongana.

"Wageni wamekasirika sana?" akauliza. "Nisamehe, mama Zawadi. Homa imenishika. Hata mlangoni sikufika."