Mashine Bubu ya Sikitu

Mashine mpya za kufyonza vumbi husoma vumbi, zikajua nani kalala ndani, zikawaambia wakaguzi wa makazi. Mwenye mashine ya zamani huachiwa nayo mpaka ife. Ya Sikitu ilikataa kufa: mkanda aliukata kwenye tyubu ya baiskeli, kaboni za mota alizichonga kutoka betri za tochi, na mfuko aliushona kwa kanga kuukuu. Kwa hiyo mdogo wake Hizza, asiye na kibali cha mji, alilala chumbani mwake akikoroma kwa raha zake.

Asubuhi jirani akabisha hodi.

"Niazime hilo zee lako, Sikitu. Mama kaja bila kibali, na mashine yangu hujiwasha yenyewe saa nne. Ufagio hautoi nywele kwenye zulia."

"Limekufa, Mama Zaina. Limekohoa, likatoa moshi, na hitima nimeshalisomea."

Mama Zaina akacheka kwa mazoea, kisha akaitazama sakafu safi nyuma ya Sikitu. "Basi pole kwa msiba," akasema, akaondoka.

Hizza akachungulia. "Dada, si zima hili?"

"Zima. Likiungua kwake, na wewe umeungua."

Sikitu akaikalia mashine. Ilikuwa bado na joto. Saa nne ilipofika, ng'ambo ya ukuta kukavuma, kisha sauti laini ikasema: "Mgeni ameonekana. Asubiri hapo alipo, anafuatwa."

"Ahsante, mwanangu," bibi kizee akaijibu kwa furaha. "Waje tu, chai ipo."