Tundu la Chini

Kadi mpya ya picha, ile inayoipa kompyuta nguvu ya kuchezesha gemu, ilikuwa mezani pale dukani ndani ya boksi lake, na mkono wangu tayari ulikuwa mfukoni. Akiba ya miezi minane ilitosha hiyo tu.

"Subiri kwanza, shemeji," alisema fundi, mdogo wake mke wangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameuza hata waya.

Akaigeuza kompyuta yangu, ile niliyoiunga mwenyewe huku nikiwatambia watu wa nyumbani kwamba fundi hasa ni mimi. Kidole chake chenye kovu la kulehemu kikapapasa matundu ya nyuma, kikasimama. Akachomoa waya wa skrini kutoka tundu la juu, lisilopitia kadi, akauchomeka kwenye tundu la chini, la kadi yangu ya zamani.

Akawasha. Gemu iliyokuwa ikikwamakwama mwaka mzima ikatiririka kama maji.

Masikio yakaniwaka moto. Mwaka mzima kadi ile ilikuwa imelala bure, kwa mkono wangu mwenyewe.

Mke wangu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, akainua macho kutoka kwenye simu. "Kumbe ilikuwa nini?"

Fundi alikuwa akilirudisha boksi kwenye rafu. "Vumbi tu, dada."