Majina Ishirini na Matatu

"Uongo!" Muhonja alipiga kaunta kwa kiganja hadi kalamu zikaruka. "Ni nani huyo amekubali? Nionyeshe!"

Watu waliopanga foleni katika ofisi ya vibali vya ujenzi waligeuka kumtazama. Karani, kijana mrefu aitwaye Muthama, hakuinua sauti.

"Mama, nimekwambia. Wakazi wamekubali. Kibali kinatoka leo saa kumi."

"Wakazi gani? Mkazi ni mimi! Miaka kumi na tisa niko mtaa wa Mbotela. Kutoka mlango wangu hadi huo uwanja ni hatua kumi. Mimi sijakubali, na huyu hajakubali." Alimvuta jirani yake Triza mbele. "Ama wakazi wenu ni wale mbuzi wanaoning'inia kwenye bucha za soko la Burma?"

"Waambie, mathe!" mtu akacheka huko nyuma.

Uwanja wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa na bomba la maji la safu nne za nyumba, kamba za kuanikia nguo, na kibanda cha mbao ambamo Muhonja aliuza sukuma wiki na dagaa wa omena. Kibanda hicho kilikuwa kimewasomesha watoto watatu, na wa nne alikuwa kidato cha pili. Jengo la ghorofa saba likisimama pale, kibanda kingeng'olewa siku ya kwanza. Bango lililosimikwa uwanjani lilisema mwenye pingamizi alilete kwa maandishi katika siku kumi na nne. Leo ilikuwa ya kumi na nne.

"Na barua yetu iko wapi?"

Muthama alifungua faili, akapekua. "Hakuna barua ya pingamizi hapa, mama. Hata moja."

Barua ile alikuwa ameiandika Mwalimu Zedekiah, ambaye kila jioni aliwafundisha watu wazima kusoma katika ukumbi wa kanisa bila kuwaomba hata shilingi. Aliwasomea kwa sauti, wakampigia makofi. Kisha akawaambia watulie, angeipeleka mwenyewe. "Mkienda huko na hasira mtaharibu," alisema. Ndiyo maana Muhonja alikuja leo kwa kujiibia, akiona haya kidogo. Lakini alikuwa ameomba tangu alfajiri na moyo ukakataa kutulia.

"Mmeichana," alisema. "Barua ya mwalimu mmeichana, mkajiandikia majina. Kibali kimenunuliwa hiki! Mungu anawaona, hata mkijifungia humo ndani na mihuri yenu."

"Mama, chunga mdomo."

"Nichunge mdomo na wewe unakula na wezi? Lete hiyo faili. Kuiona ni haki yangu."

Muthama alitoa fomu chini ya kaunta. "Anayetaka kuona faili hujaza hii kwanza. Utaweza, ama nikujazie?"

Swali hilo lilimchoma. Hadi mwaka jana, Muhonja alikuwa mtu wa kidole gumba. Alichukua kalamu. Jina kamili. Nambari ya kitambulisho. Nambari ya nyumba. Sahihi. Mwalimu aliwarudisha kwenye mambo hayo manne wiki nzima, kwenye karatasi alizopitisha na kukusanya mwenyewe, mpaka hata mzee Wekulo, mlinzi wa miaka sitini na mbili, akayaandika bila kuuma ulimi. Alimaliza, akaisukuma fomu.

"Soma," alimwambia Muthama.

Foleni nzima ilicheka. Muthama aligeuza faili ikamwelekea.

Muhonja alifumba macho kwanza. Bwana, nisitukane mtu wako. Lakini aliyefanya hili, mwanike. Mwanike leo hii, mbele yangu.

Karatasi ya kwanza ilikuwa imepigwa chapa: *Sisi wakazi ambao majina yetu yameambatishwa tumekubali jengo hili.* Zilizofuata zilikuwa na safu nne tu, zimejazwa kwa mkono.

"Ona!" alipaza sauti. "Triza, jina lako ndilo la kwanza! Mwambie ni la kughushi. Mwambie watu wote wasikie."

Triza aliinama. Midomo yake ilicheza polepole, herufi kwa herufi.

"Mama Brayo," alimnong'oneza Muhonja, "huu ni mwandiko wangu. Hiyo z huwa inanigeukia."

"Wacha!"

"Haki ya Mungu. Ni mkono wangu."

Muhonja alishusha kidole. Mstari wa nne ulikuwa wake. Ile sahihi yenye mkia mrefu, aliyokuwa akijivunia, ilikuwa pale, na hakuna mtu duniani angeweza kuuvuta mkia ule namna ile ila yeye.

"Sasa, mama," Muthama alisema, safari hii kwa upole, "huyu mwizi ni nani?"

Muhonja alianza tena juu, akisoma kila jina. Hayakufuata nambari za nyumba: nyumba ya sita, kisha ya arobaini, kisha ya kumi na tisa. Ayuma, ambaye ukuta wake uligusana na ule uwanja, hakuwemo. Nusu ya safu yao hawakuwemo. Triza, Wekulo, Nalianya, yeye mwenyewe, kisha Kweyu, kisha Wangu mshonaji.

Kidole chake kilisimama. Mpangilio ule aliujua. Ulikwenda benchi kwa benchi, kutoka dirishani hadi mlangoni.

Aliyahesabu majina mara mbili. Yalikuwa ishirini na matatu. Jioni, katika ukumbi wa kanisa, huwa wako watu ishirini na wanne, ukimhesabu na yule anayesimama mbele.