Hitaji la Siri

*Songa mbele, Bwana yu pamoja nawe,* Emiliana aliandika, akatuma.

Mwaija, jirani yake, alikuwa amekuja kuazima ungo, na macho yake yalishafika kwenye simu ya mwenzake kabla ungo haujatolewa.

"Asonge wapi?"

"Sijui."

"Akafanye nini?"

"Sijui, Mwaija. Ni hitaji la siri."

Katika Tuinuane, kundi la wasapu alilolianzisha mwenyewe hapo Korogwe, sheria ilikuwa ileile ya kanisani: mtu akisema ana hitaji la siri, haulizwi. Anaombewa, anatiwa moyo, basi. Mwenye namba hii aliyokuwa akiijibu hakuweka picha wala jina. Alijiunga kimyakimya, kisha akamfuata Emiliana pembeni: *Mama, nina jambo zito nyumbani. Nimechoka. Naogopa kulifanya.*

"Sisi watu wa Misima," alisema Mwaija, mtu wa utani hata msibani, "hatumsukumi mtu gizani kabla hatujajua kama mbele kuna kitanda au kisima. Hata mwizi huhitaji kutiwa moyo, mwenzangu. Akimdhuru mtu, damu utaiosha kwa Amina?"

"Wewe na maneno yako."

"Mimi nimefuata ungo tu."

Hiza, mume wa Emiliana, akasimama mlangoni, jembe bado begani.

"Mama Elisha, mgongo leo umenikamata."

"Pole, baba. Mtangulize Mungu," alijibu Emiliana bila kugeuka. Kidole chake kilikuwa kinamfariji mjane mmoja wa Handeni, na mjane alishaanza kutuma vikatuni vya kucheka.

Hiza alingoja kidogo. Mfukoni kilichungulia kitochi chake cha vitufe, simu isiyojua hata picha ni kitu gani. Akatua jembe, akaingia jikoni.

Mwaija akamsindikiza kwa macho. "Shemeji siku hizi anaingia jikoni?"

"Anapika chai. Nimetoa hadi ushuhuda kundini."

Na kweli aliutoa. Mwanamume wa Kisambaa, wa Dindira, aliyekuwa hajui hata kiberiti kinakaa wapi, wiki hii ndiye anayemletea mkewe chai mpaka alipokaa. Tuinuane nzima iliitika Amina mpaka simu ikapata moto. Hata yule asiye na jina aliitika: *Amina, mama. Mungu ni mwaminifu.*

Mwaija akaondoka na ungo wake. Hakuaga kwa utani, jambo lisilo la kawaida.

Simu ikatetemeka.

*Mama, kila kitu kiko tayari. Moyo ndio bado unasita. Nyumbani mimi naongea na kisogo.*

Masikini, Emiliana akawaza, watu wengine wana ndoa za namna gani. Akafanya kama mama yake alivyomfundisha: akafumba macho, akafungua Maandiko popote, akashusha kidole. Kidole kilipotua, akasoma mstari huo tu, akauandika kwa maneno yake.

*Ulilokusudia lifanye upesi, mpendwa. Ndilo neno lako la leo.*

Tiki zikawa bluu papo hapo.

*Asante, mama. Basi ni leo.*

Baadaye kidogo Hiza akaweka kikombe karibu na kiwiko chake. "Chai."

"Mungu akubariki," alisema Emiliana, akikodolea simu. Akanywa huku akijibu wagonjwa, wanafunzi wenye mitihani, na mama mmoja wa Kwaluguru aliyepotelewa na mbuzi. Chai ilikuwa tamu, sukari haikuhurumiwa. Aliimaliza mpaka machicha.

Ndipo alipotaka kuliweka lile neno kundini ili na wengine wafaidi. Akarudi kwenye ukurasa, safari hii akaanzia juu. Palikuwa na meza ya chakula cha mwisho. Palikuwa na tonge. Na aliyeambiwa afanye upesi alikuwa Yuda.

Kwa mara ya kwanza tangu aanzishe kundi, akaivunja sheria yake.

*Ndugu, ni jambo gani hilo?*

*Namtoa mtu njiani, mama.*

*Mtu gani?*

*Wa nyumbani. Usihofu, hataumia. Atalala tu.*

Emiliana akashika ukingo wa meza. Alimwona huyo mtu asiyemjua, labda mzee, labda mtoto, amekaa mahali fulani, hana habari. Na aliyemsukumia kisimani ni yeye, kwa kidole hikihiki.

*Usifanye. Kwa jina la Yesu nakuomba, usifanye.*

*Mama, ulisema upesi. Nimeshafanya.*

Machozi yakamjaa. Akayafuta kwa kanga, lakini herufi ziliendelea kucheza kwenye kioo. Mikono ilikuwa mizito kama ya mtu aliyetwanga kutwa. Akaandika kwa kukosea na kufuta, kukosea na kufuta.

*Bado hujachelewa. Sema uko wapi, nilete watu wamwahishe hospitali. Nakusihi, ndugu yangu. Uko wapi?*

Akatuma.

Jikoni, nyuma ya kisogo chake, simu ikalia. Haukuwa mlio wa kitochi.

"Mama Elisha," Hiza aliita kwa upole, "hiyo chai umeimaliza?"