Upande wa Ukutani

Kitendawili! Hayana meno, yanatafuna chuma. Umeshindwa? Nipe mji. Ni maji ya zimamoto, yanayotoboa ukuta wa meli yakazime moto ndani. Ila maji hayo humkata pia mtu aliyelala nyuma ya ukuta, ndiyo maana sheria inataka mkewe aulizwe kwanza hulala upande gani.

Bi Mwanakheri alikuwa nyumbani akitandika kitanda, mzimamoto alipompigia simu.

“Shikamoo, bibi. Meli inaungua. Mzee wako alikwenda kulala chumbani mwake, haitiki, na kwa moshi hatumwoni. Hulala ukutani au upande wa mlango?”

Likizo iliyopita mumewe, Athmani, aliporudi nyumbani alikuwa akikohoa, akilala huku na huku. Bi Mwanakheri akaupapasa mto wa mumewe.

“Bibi, tutoboe wapi?”

Akakaza moyo. “Marahaba. Toboeni ukutani, mwanangu. Pale ni pangu. Hata nisipokuwepo huniachia.”